Mkanda Uliofungiwa Kabatini



Tarehe 21 Aprili 1909 meli iliyombeba Theodore Roosevelt ilitia nanga Mombasa. Zilikuwa zimepita wiki saba tu tangu akabidhi urais wa Marekani, naye alikuja na mwanawe Kermit pamoja na wataalamu wa Taasisi ya Smithsonian, kuwinda na kukusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya kwao. Alipoingia bara alifuatwa na wapagazi zaidi ya mia mbili, wamejitwika mahema, chumvi ya kuhifadhia ngozi, masanduku ya risasi na masanduku ya vitabu. Mwingereza mmoja aliyeitwa Cherry Kearton, mpigapicha wa wanyama, alimkuta hukohuko bara akiwa na kamera ya sinema. Akampiga picha, akawapiga wapagazi, akapiga na ngoma za wenyeji. Zilikuwa picha za kweli, zimepigwa katika ardhi hii, chini ya jua letu.

Sasa sikiliza kilichotokea Chicago. Mfanyabiashara wa filamu William Selig hakuona sababu ya kungoja picha kutoka Afrika. Alitengeneza msitu ndani ya studio yake, akamtafuta mwigizaji wa kufanana na Roosevelt kwa miwani na masharubu, akawaajiri watu weusi wa Chicago wajifanye wapagazi wa Kiafrika, akanunua simba aliyezeeka, na simba yule akapigwa risasi kwelikweli mbele ya kamera. Filamu ikatoka mwaka huohuo wa 1909. Jina la Roosevelt halikutajwa, na halikuhitajika. Watu walifurika kumbini wakiamini wanamwona rais wao mstaafu porini Afrika. Mwaka uliofuata, filamu halisi ya Kearton ilipofika Marekani, haikuwasisimua. Walikwisha kumwona simba akifa.

Watu wa nchi hii waliobeba ile mizigo wamo katika mkanda wa Kearton, na wanapita haraka sana. Kamera haikuwangoja. Kila ninapofikiria filamu za habari za Marekani za karne ya 20, nawakumbuka wao, kwa sababu neno langu la jioni hii linaanzia hapo. Filamu zile ni ushahidi, tena ushahidi ambao hakuna kitabu kinachoweza kuliziba pengo lake. Lakini mara nyingi uzito wa ushahidi umo katika vipande ambavyo mtazamaji wa siku zile hakuoneshwa, au alioneshwa kwa sekunde mbili kisha vikaondolewa.

Kwanza nieleze zilivyokuwa, maana wasikilizaji wengi mmezaliwa baada ya kufa kwake. Kabla ya televisheni, Mmarekani aliyetaka kuiona habari kwa macho alikwenda sinema. Kampuni ya Pathé ya Ufaransa ilianza kutoa filamu za habari za kila wiki huko Marekani mwaka 1911, na kufikia miaka ya 1930 soko lilikuwa mikononi mwa kampuni tano: Fox Movietone, Hearst, Paramount, Pathé na Universal. Kila moja ilitoa toleo mara mbili kwa wiki, la dakika kumi hivi, likatangulia filamu kuu iliyowaleta watu ukumbini. Kumbi kubwa za mijini zilipata mkanda ukiwa mpya na kuulipia ghali. Kumbi za vijijini zilipata uleule wiki kadhaa baadaye, umechakaa, kwa bei nafuu. New York palikuwa na ukumbi ulioitwa Embassy ambao kuanzia Novemba 1929 haukuonesha kitu kingine ila filamu za habari, kutwa nzima, kwa senti 25.

Mtu aliyeamua nini kiingie katika zile dakika kumi alikuwa mhariri, na nyuma ya mhariri alisimama mwenye ukumbi. Mwenye ukumbi alitaka watu wakae, wacheke, wanunue peremende, warudi wiki ijayo. Hakutaka waondoke wamekasirika. Basi toleo lilipangwa kama pishi la mwenye mgahawa anayeogopa kumpoteza mteja: chumvi kidogo, sukari nyingi. Hotuba ya rais sekunde arobaini, mafuriko ya Mississippi dakika moja, kisha mashindano ya urembo, mbio za farasi, mtoto wa sokwe amevalishwa kofia. Juu ya yote hayo palikuwa na muziki wa tarumbeta na sauti ya mwanamume mmoja mwenye uhakika wa kila kitu, anayekuambia lini ucheke na lini usikitike.

Sauti hiyo haikuwepo tangu mwanzo. Miaka ya mwanzo filamu zilikuwa bubu, maelezo yakiandikwa kwenye kioo. Tarehe 20 Mei 1927 asubuhi, Charles Lindbergh aliruka peke yake kutoka uwanja wa Roosevelt Field karibu na New York kuelekea Paris, na watu wa Fox walikuwepo na kamera yenye kunasa sauti. Usiku uleule, Lindbergh akiwa bado angani juu ya bahari, watazamaji wa ukumbi wa Roxy mjini New York walisikia mngurumo wa injini yake. Hakuna mtangazaji anayesema neno. Ni injini na upepo tu. Mimi ni mtu wa redio, nimeishi kwa sauti, na nakubali kabisa kwamba muda ule mfupi una nguvu kuliko maelezo yote yaliyokuja kubandikwa juu ya filamu za habari kwa miaka arobaini iliyofuata.

Sasa nataka tukae katika mwaka mmoja, 1937, tena katika miezi mitatu tu ya mwaka huo.

Jioni ya tarehe 6 Mei 1937, chombo cha angani cha Wajerumani kiitwacho Hindenburg, kilichoelea kwa gesi ya haidrojeni, kilikuwa kinatua Lakehurst, jimbo la New Jersey. Wapigapicha wa filamu za habari walikuwa wamejipanga wakisubiri kuwapiga abiria mashuhuri wakishuka. Ghafla moto. Ndani ya nusu dakika hivi chombo kizima chenye urefu wa mita 245 kilikuwa mifupa ya chuma inayoanguka juu ya watu. Waliokuwemo ni 97. Walikufa 35, na mfanyakazi mmoja wa uwanjani akawa wa 36. Kesho yake New York ilikuwa inaitazama picha ile kumbini.

Hapa kuna mambo mawili ambayo wengi hawayajui. La kwanza, hakuna hata kamera moja iliyonasa moto ulivyoanza. Wapigapicha walikuwa wamezielekeza kamera zao kwingine, na tunachokiona sisi kinaanza moto ukiwa umeshashika. La pili linahusu sauti. Karibu kila anayeikumbuka filamu ya Hindenburg anamkumbuka mwanamume anayelia, anayeshindwa kuendelea kutangaza kwa uchungu. Yule ni Herbert Morrison wa kituo cha redio cha WLS cha Chicago. Hakuwa akiitangazia filamu. Alikuwa pale na fundi wake Charles Nehlsen na mashine ya kurekodia kwenye sahani, kwa ajili ya redio, na maneno yake yalirushwa hewani siku iliyofuata. Baadaye watu waliichukua sauti yake wakaiunganisha na picha za wapigapicha wengine, na leo vitu hivyo viwili vinaonekana vilizaliwa pamoja. Tena wataalamu wa sauti wameonesha kwamba ile sahani huchezwa kwa kasi kubwa kidogo kuliko ilivyorekodiwa, kwa hiyo Morrison tunayemsikia ana sauti nyembamba kuliko Morrison mwenyewe. Uchungu wake ni wa kweli. Lakini filamu tunayoijua ilifumwa baada ya tukio, na yeyote anayeitumia kama ushahidi anapaswa kujua mshono ulipo.

Siku 24 baadaye likatokea jambo ambalo nadhani ndilo kubwa kuliko yote katika historia ya filamu za habari za Marekani.

Mwaka ule chama cha wafanyakazi wa viwanda vya chuma kilikuwa kimepata ushindi usiotarajiwa: kampuni kubwa kuliko zote, U.S. Steel, ilikubali kukitambua na kuzungumza nacho. Kampuni zilizofuata kwa ukubwa zilikataa katakata, na kinara wa ukaidi alikuwa Tom Girdler wa kampuni ya Republic Steel. Mwisho wa Mei wafanyakazi wakagoma. Jumapili ya tarehe 30 Mei ilikuwa Siku ya Kumbukumbu ya mashujaa wa vita, siku ambayo Wamarekani huitumia kwenda makaburini na kula pamoja nje. Wagomaji, wake zao na watoto wao walikusanyika kwenye jengo lililokuwa ukumbi wa dansi, Kusini-Mashariki mwa Chicago, wakasikiliza hotuba, kisha wakaanza kutembea kwa miguu kuvuka uwanja mpana kuelekea lango la kiwanda. Mbele walitangulia na bendera ya Marekani. Walitaka kuweka mstari wa mgomo langoni, haki waliyopewa na sheria. Polisi zaidi ya mia mbili walikuwa wamejipanga uwanjani kuwazuia.

Mpigapicha wa Paramount, Orlando Lippert, alikuwa upande wa polisi, kamera yake juu ya gari. Alichokinasa ndicho hiki. Unawaona watu wamesimama ana kwa ana na mstari wa polisi. Wamevaa nguo za Jumapili: wanaume kwa mashati meupe na kofia, wanawake kwa magauni. Mmoja wa waandamanaji anazungumza na ofisa kwa mikono, anaeleza, anaonesha kule kiwandani, anashikilia hoja yake. Hakuna anayempiga mwenzake. Halafu, kufumba na kufumbua, mstari wa mbele unaanguka. Watu wanageuka kukimbia, na wanaokimbia wanaanguka. Kisha polisi wanaingia kwa virungu, wanawapiga waliokwisha kuanguka, wanawapiga wanaojaribu kuinuka, wanawaburuta majeruhi kuwatupia kwenye magari ya polisi badala ya kuwapa huduma. Watu kumi walikufa, baadhi palepale na wengine baadaye kwa majeraha. Wote kumi walikuwa waandamanaji. Uchunguzi wa miili ulionesha kwamba wengi wao risasi ziliwaingilia mgongoni.

Kuna kipande kimoja kinakosekana. Sekunde chache ambazo risasi ya kwanza ilipigwa hazimo kwenye mkanda. Lippert alieleza kwamba wakati huohuo alikuwa anabadilisha lenzi. Nimelitafakari sana jambo hili. Mtu amesimama pale, amepiga kila kitu, na pale hasa ambapo watu wataulizana kwa miaka mingi nani alianza, mkono wake umo kwenye lenzi. Sioni hila ndani yake. Kamera za zama zile zilitaka hivyo, na kama ni hila basi angeuharibu mkanda wote. Lakini ile nafasi ndogo iliyo wazi iliwapa polisi wa Chicago mahali pa kujificha.

Na walijificha. Kesho yake magazeti makubwa ya jiji yaliandika kwamba kundi la wakomunisti wenye fujo lilijaribu kuvamia kiwanda na polisi wakajitetea. Baadaye jopo la kuchunguza vifo likaamua kwamba mauaji yale yalikuwa halali. Na Paramount, yenye mkanda kabatini, ikaamua kutouonesha. Maelezo waliyotoa yalikuwa kwamba picha kama zile zingeweza kuwachochea watazamaji wafanye ghasia ndani ya kumbi za sinema.

Tafadhali yapime maneno hayo, msikilizaji. Wiki tatu tu zilikuwa zimepita tangu Hindenburg. Watu wakiungua wakiwa hai waliweza kuoneshwa nchi nzima ndani ya siku moja au mbili, na hakuna aliyehofia ghasia, kwa sababu hakukuwa na wa kulaumiwa ila gesi na bahati mbaya. Wafanyakazi waliopigwa risasi mgongoni hawakuweza kuoneshwa, kwa sababu picha ile ilikuwa na mtu wa kujibu. Hofu ya ghasia kumbini ilikuwa hofu ya watu kujua.

Mkanda ulitoka kabatini kwa nguvu ya sheria. Katika Seneti palikuwa na kamati ndogo ya kuchunguza uvunjaji wa haki za wafanyakazi, ikiongozwa na Robert La Follette mdogo, seneta wa Wisconsin. Kamati iliidai filamu kwa amri rasmi. Mwandishi wa gazeti la St. Louis Post-Dispatch, Paul Y. Anderson, akaandika katikati ya Juni kueleza yaliyomo, picha baada ya picha, kabla umma haujaiona. Mwanzoni mwa Julai kamati ikauonesha mkanda mbele ya kikao cha wazi mjini Washington, kwa kasi ya kawaida na kwa mwendo wa polepole, wakuu wa polisi wa Chicago wakiwa wameitwa kutoa ushahidi. Walichokuwa wamekieleza kwa maneno, ukuta ulikikanusha kwa picha. Kuanzia hapo hadithi ya kundi la wavamizi haikuweza kusimama tena. Paramount hatimaye ikautoa mkanda, na Chicago kwenyewe, ambako polisi ndio waliokuwa na mamlaka ya kukagua filamu, ukapigwa marufuku.

Hakuna askari aliyeshitakiwa. Nalisema hili waziwazi kwa sababu watu hupenda kuamini kwamba picha ikitoka, haki hufuata nyuma yake. Mwaka 1937 haki haikufuata. Ilichofanya filamu ni kuufuta uongo kwenye kumbukumbu, na kwa familia za wale kumi, ambao walikuwa wameitwa wahalifu kaburini, hilo halikuwa jambo dogo hata kidogo.

Julai hiyohiyo, katika mji huohuo wa Washington, siku chache baada ya kikao kile, Rais Franklin Roosevelt alikwenda uwanja wa Griffith kutazama mechi ya besiboli. Roosevelt huyu ni mwingine, wa ukoo mmoja na yule wa Mombasa. Alipooza miguu kwa polio mwaka 1921 akiwa na umri wa miaka 39, na tangu hapo hakuweza kusimama bila vyuma vizito miguuni, wala kupiga hatua bila fimbo mkono mmoja na mkono mwingine ameushika mtu. Wamarekani walijua aliwahi kuugua. Wengi hawakujua kwamba rais wao hutumia kiti cha magurudumu. Filamu za habari zilimpiga ameketi kwenye gari la wazi, ameketi mezani, amesimama nyuma ya meza ya hotuba akicheka na kiko chake cha sigara mdomoni. Akitembea, kamera zilizimwa. Ikulu iliomba hivyo, wapigapicha walikubali, na asiyekubali alikutana na walinzi. Mwaka 1936, pale Philadelphia, alianguka chini mbele ya halaiki akielekea jukwaani kuukubali uteuzi wa chama chake. Akainuliwa, akafutwa vumbi, akahutubia. Picha ya kuanguka haipo.

Siku ile ya besiboli, mmoja wa wachezaji alikuwa na kamera ndogo ya nyumbani. Akampiga rais akitembea, ameshikilia ukingo kwa mkono mmoja na msaidizi kwa mwingine, akiurusha mguu mbele kutoka nyonga. Ni sekunde chache. Zilikaa katika mali ya familia hadi zilipokabidhiwa kwa hifadhi ya nyaraka ya jimbo la Pennsylvania na kuoneshwa mwaka 2014. Kampuni tano zenye magari, mafundi na kamera bora kuliko zote duniani zilikaa na rais kwa miaka 12, na moja kati ya picha chache mno za mwendo wake tumeipata kwa mchezaji mpira.

Wapo wanaosema ile ilikuwa heshima kwa mgonjwa. Naielewa hoja. Lakini watoto wangapi wenye polio katika Marekani ya siku zile wangetembea na kichwa juu laiti wangemwona mtu aliyeiongoza nchi vitani akitembea kama wao? Yeye mwenyewe, tarehe 1 Machi 1945, alihutubia Bunge akiwa ameketi na kuomba radhi kwa hilo, akitaja uzito wa vyuma miguuni mwake. Kamera zilikuwepo. Ilikuwa mara ya pekee kulitamka jambo lile mbele ya taifa kwa uwazi wa namna ile. Wiki sita baadaye alifariki.

Siwezi kumaliza bila kuwataja Wamarekani weusi, ingawa wanastahili kipindi chao peke yao. Katika filamu za habari za kawaida walionekana wakicheza, wakiimba, wakipigana ngumi ulingoni, na zaidi ya hapo ni nadra. Ilipofika tarehe 9 Aprili 1939, mwimbaji Marian Anderson, baada ya kunyimwa ukumbi mjini Washington kwa sababu ya rangi yake, aliimba kwenye ngazi za Mnara wa Lincoln mbele ya watu elfu 75, na kamera za habari zilikuwepo. Mkanda ule umesalia, nao ni hazina. Angalia koti lake la manyoya kwenye baridi ya Pasaka, angalia anavyofumba macho kabla ya kuanza. Miaka mitatu baadaye, 1942, ikaanzishwa filamu ya habari mahususi kwa kumbi za weusi, All-American News, iliyoonesha askari weusi, vyuo vyao, madaktari na wafanyabiashara wao. Nchi moja, vita moja, na habari zimegawanywa kama viti vya basi.

Televisheni ndiyo iliyoziua filamu za habari. Pathé ilifunga 1956, Paramount 1957, Fox 1963, Hearst na Universal mwishoni mwa 1967. Miezi mitatu hivi baada ya hapo aliuawa Martin Luther King, na hakukuwa tena na filamu ya habari ya kuyapeleka maziko yake kumbini.

Mikanda ikabaki katika mabohari, na mingi ilikuwa ya naitreti. Hii ni filamu yenye picha nzuri ajabu na tabia ya baruti. Huoza ikawa unga, na ikiwaka huendelea kuwaka hata ndani ya maji, kwa sababu hewa ya kuunguzia imo ndani yake yenyewe. Universal iliikabidhi mikanda yake kwa Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani katika miaka ya 1970, pamoja na haki zake zote. Tarehe 7 Desemba 1978 maghala ya Suitland, Maryland, yakashika moto. Zaidi ya futi milioni 12 ziliteketea. Filamu ya milimita 35 hukimbia futi 90 kwa dakika. Piga hesabu, utapata zaidi ya saa 2,000. Na kilichoungua zaidi ni vile vipande ambavyo wahariri walivikata na kuviweka kando, ambavyo havikuwahi kuoneshwa. Inaniuma kila ninapoisoma habari ile. Matoleo yaliyooneshwa kumbini yamesalia kwa sehemu kubwa. Mabaki ya meza ya mhariri, mahali ambapo pengine palikuwa na akina Lippert wengine, ndiyo yaliyogeuka majivu.

Kilichosalia bado ni kingi. Mikanda ya Fox ipo Chuo Kikuu cha South Carolina, ya Hearst ipo UCLA huko Los Angeles. Mkanda wa Lippert uliingizwa mwaka 1997 katika orodha ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa. Ninawaomba wenzangu wa vituo vya televisheni hapa kwetu, mnaovichukua vipande hivi kupamba vipindi vya historia: andikeni chini ya picha tarehe, mahali na kampuni iliyopiga, na msiweke sauti ya tukio jingine juu yake. Matoleo ya Universal hayana mwenye kuyadai malipo. Mwalimu wa historia wa Tabora au Kisumu mwenye intaneti anaweza kuyaonesha darasani bila kumwomba mtu ruhusa. Akinipa nafasi ya kupendekeza, aanze na Mei 1937: Lakehurst kwanza, kisha uwanja ule wa Chicago, halafu awape wanafunzi kalenda wahesabu wenyewe siku ambazo kila mkanda ulichukua kumfikia mtazamaji.